"Na wewe utanifukia?": mtoto, bibi na hadithi ya mama wa kambo

SWALI: "Nina miaka 31. Mwaka jana niliolewa na mwanaume aliyefiwa na mkewe, tunaishi Makambako. Ana binti mmoja wa miaka 6, yuko darasa la awali. Mama yake alifariki mtoto akiwa na miaka 4. Nasikia siku ya maziko alibebwa, naye akatupia udongo kaburini kama watu wengine, na mpaka leo akiuliza huambiwa mama amelala. Mume wangu ni dereva wa lori, anaweza kukaa njiani hata wiki mbili, hivyo nyumbani tunabaki mimi na mtoto. Mama mkwe, ambaye ndiye alimlea kabla sijaja, anakaa nyumba ya pili, na jioni huwasimulia wajukuu hadithi. Mwezi uliopita alisimulia ile ya mama wa kambo aliyemfukia binti shimoni, nywele zake zikaota kama majani, zikawa zinaimba. Tangu siku hiyo mtoto hali nilichopika mpaka bibi aonje kwanza. Juzi nilikuwa namsuka twende kilioni, kichwa chake kiko magotini kwangu, akauliza: 'Na wewe utanifukia?' Nilimwambia aache ujinga, nikaenda kulia chooni. Simpigi, simbagui, hata nguo namnunulia yeye kabla yangu. Mume nikimwambia kwenye simu anasema atazoea tu. Je, nimbane amkataze mama yake kusimulia hizo hadithi? Na je, iko siku mtoto huyu ataniita mama?"

JIBU: Pole sana, dada. Swali la mtoto lilikuchoma kwa sababu ulilisikia kama shitaka: kwamba pamoja na yote unayomfanyia, amekuweka fungu moja na yule mwanamke wa kwenye hadithi. Ningekuwa mimi nimeshika kile kitana, huenda na mimi ningelia. Lakini naomba tulisikilize upya, neno kwa neno, kwa sababu nadhani halikuwa linauliza habari za roho yako hata kidogo.

Kwanza tazama alikuwa amekaa wapi. Kusukwa kunamtaka mtoto atulie muda mrefu, shingo imeinama, haoni mikono yako inafanya nini. Mtoto anayeamini kweli kwamba utamdhuru hakupi kichwa chake. Katika kazi hii nimewaona watoto wanaomwogopa mtu wa nyumbani kwa sababu za kweli: akiwagusa wanaganda, na wanatafuta kila kisingizio wasiachwe naye peke yao. Huyu wako yuko magotini kwako. Swali zito namna ile mtoto humpelekea mtu anayedhani ataweza kulibeba.

Sasa lisikilize hilo "na wewe". Na wewe kama nani? Wewe ulijaza mwenyewe, "kama mama wa kambo wa kwenye hadithi". Mimi nilipofika kwenye ile sentensi yako ya udongo nilisimama nikairudia kuisoma. Mtoto huyu ana shimo moja analolijua, wala si la kwenye hadithi. Alikuwa na miaka 4, akabebwa juu juu katikati ya watu wanaolia, akapewa udongo mkononi, akautupa juu ya mama yake. Baadaye akaambiwa mama amelala.

Watoto hawakielewi kifo kama sisi. Mwaka 1948 mwanasaikolojia wa Hungaria, Maria Nagy, alichapisha utafiti wake juu ya watoto wa Budapest na namna wanavyokieleza kifo. Wengi wa walio chini ya miaka 5 walikisema kama usingizi au safari, jambo ambalo mtu anaweza kurudi kutoka huko. Ni kati ya miaka 5 na 7 hivi ndipo wengi huanza kushika kwamba aliyekufa harudi. Kwa hiyo binti yako alizika akiwa haelewi, na umri wa kuelewa umemfikia sasa, wewe ukiwa ndani ya nyumba. Msiba wake unaanza upya mbele yako, na wewe unadhani ni ugomvi wake na wewe.

Hebu jumlisha kama mtoto anavyojumlisha. Mama amelala. Mtu aliyelala akafukiwa, na mimi nilisaidia kufukia. Halafu bibi, ambaye hadanganyi, anasema yuko binti alifukiwa akiwa hai, akawa anaimba chini ya majani mpaka wakamsikia na kumfukua. Kwa hesabu hiyo, mama yuko chini anaimba? Mbona sijamsikia? Na atakayefuata ni nani? Sijakaa na mtoto huyu, siwezi kuapa kwamba ndivyo anavyowaza. Ila ningeanzia hapo kabla ya kumgusa mama mkwe.

Kuna dhana naona imekukaa, na wengi wanayo: kwamba hadithi imempandikiza mtoto chuki. Hadithi haina nguvu hiyo. Inachofanya ni kumpa jina na sura ya kitu ambacho tayari kilikuwa ndani yake bila jina. Mtoto aliyefiwa na mama ana hasira. Hasira yenyewe inamhusu mama: kwa nini aliondoka, kwa nini hakuaga, kwa nini mama wa wenzake wapo. Lakini nani atamkasirikia mama marehemu, ambaye kila mtu akimtaja anafuta machozi? Haiwezekani. Basi hasira inatafuta pa kwenda, na mama wa kambo yuko karibu, anapika, anasema "oga", anasema "lala". Anafaa.

Jambo hili hili lilitokea kwenye karatasi, na liko wazi kiasi kwamba huwa nawaonesha wazazi. Ndugu wawili wa Ujerumani, Jacob na Wilhelm Grimm, walitoa kitabu chao cha kwanza cha hadithi mwaka 1812. Humo, malkia anayetaka kumuua binti mweupe kama theluji alikuwa mama yake mzazi. Na katika Hansel na Gretel, mwanamke anayeshawishi watoto watelekezwe msituni wakati wa njaa alikuwa mama yao wa kuwazaa. Kitabu kiliposomwa majumbani, jambo hilo likawa halivumiliki. Katika toleo la 1819 mama wa yule binti mweupe akafanywa afe wakati wa kujifungua na mama wa kambo akaletwa afanye uovu. Na ilipofika 1840 mama wa Hansel na Gretel naye akawa wa kambo. Uovu ni uleule, aliyebadilishwa ni mwanamke wa kuubeba. Wilhelm Grimm alifanya kwa kalamu kile ambacho mtoto wako anafanya kwa moyo: kumlinda mama, akabaki safi, na kumtwisha mwingine mzigo. Hukuchaguliwa kwa sababu ya ubaya wako, dada. Umechaguliwa kwa sababu upo hai na upo karibu.

Lakini nisikudanganye kwamba hadithi hizi ni za kubuni tupu. Hiyo aliyosimulia mama mkwe, ya nywele zinazoimba, inasimuliwa katika jamii nyingi za Afrika na nje ya Afrika pia, kiasi kwamba wachambuzi Aarne na Thompson waliipa namba yake, 780B, katika faharasa yao ya hadithi za dunia. Hadithi haidumu namna hiyo bila kuwa na ukweli ndani yake. Watoto wa kambo wanaonyimwa chakula wapo, tunawaona. Watafiti wawili wa Canada, Martin Daly na Margo Wilson, walionesha kwa takwimu kwamba mtoto anayeishi na mzazi wa kambo yuko katika hatari kubwa zaidi ya kuumizwa kuliko anayeishi na wazazi wake wote wawili. Wengine wamebishana nao juu ya ukubwa wa tofauti hiyo, na wazazi wa kambo walio wengi mno hawamuumizi mtoto yeyote. Bado, bibi anaposimulia hadithi ile anafanya kazi ya zamani sana: anawaambia watu wazima walioketi pale kwamba tunaona, na kwamba hata majani yatasema. Usimchukie kwa hilo. Huenda na yeye anaogopa.

Kwa hiyo swali lako la kwanza: usimbane mumeo amkataze mama yake. Nimelipima kwa upande wako kwanza. Ukishinda, mtoto atapoteza jioni zake na bibi, mtu aliyemlea mwaka mzima alipokuwa hana mama, na atajua kwa nini zimeisha. Hapo hadithi itakuwa imethibitika: mama wa kambo amekuja, bibi amenyamazishwa. Mama mkwe naye atakuwa na neno la kusema kwa majirani. Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Usijiongezee ya pili.

Njia ninayokushauri ni ngumu zaidi kwa wiki ya kwanza tu. Nenda ukae jioni pale wanapokaa. Chukua kazi ya mkono, maharage ya kuchambua au mahindi ya kupukuchua, na mama mkwe akisema "hadithi, hadithi" na wewe itikia pamoja na watoto: "Hadithi njoo! Uongo njoo! Utamu kolea!" Mtoto akuone upo ndani ya duara. Na lile neno "uongo njoo" lina kazi kubwa kuliko tunavyolipa. Ni mlango: watoto wenyewe wanakubali kwa sauti kwamba sasa tunaingia mahali ambapo majani yanaimba, na hadithi ikiisha tunatoka. Mtoto wa miaka 6 bado anajifunza mlango huo uko wapi, na utautumia utakapozungumza naye.

Mkiwa wawili, mwambie mama mkwe ukweli bila kulaumu: "Mama, mtoto aliniuliza kama nitamfukia. Nadhani anamuwaza mama yake kule kaburini. Nisaidie, wewe anakuamini." Umempa heshima yake na umempa kazi. Ningemwomba na jambo moja dogo: hadithi ile apumzike nayo kwa miezi michache, si kwa sababu ya mama wa kambo, ni kwa sababu ya shimo. Hadithi nyingine za mama wa kambo akizisimulia, ziache. Lakini ikiwa kwenye kusimulia anakutazama wewe, anamwambia mtoto "unaona, kuwa mwangalifu na huyu", au jina lako linaingia, basi hiyo si hadithi tena, ni fitina, na anayepaswa kuikomesha si wewe. Ni mwanawe.

Na hapo nifike kwa mumeo. Chukua hadithi yoyote ya mama wa kambo, ya kwetu au ya Ulaya, uulize swali moja: baba alikuwa wapi? Katika simulizi nyingi za binti aliyefukiwa, baba yuko safarini. Baba wa Hansel na Gretel alikuwepo, akakubali. Baba wa yule binti wa jikoni aliyepoteza kiatu, kama Charles Perrault alivyoiandika Ufaransa mwaka 1697, alikuwa hai kabisa, ila aliachia mke kila kitu na hakusema neno. Mara zote mwanamke na mtoto wanaachwa wamalizane wenyewe, halafu mwanamke ndiye anayekumbukwa.

Mume wako anafanya kazi halali na ngumu, simlaumu kwa kuwa barabarani. Ila "atazoea tu" ni sentensi ya yule baba wa kwenye hadithi. Msomee jibu hili akirudi. Yako mambo ambayo yeye tu anaweza kuyafanya. Amwambie mtoto, kwa mdomo wake, wewe ni nani pale nyumbani na kwamba kukupenda si kumsaliti mama yake. Azungumze na mama yake kabla wewe hujalazimika. Apige simu jioni kwa saa inayojulikana, azungumze na mtoto na si na wewe peke yako. Na siku ambayo hakuna mtandao, mtoto awe ameambiwa mapema. Mtoto ambaye mzazi mmoja aliondoka asirudi huhesabu siku za safari ya yule aliyebaki kwa namna ambayo sisi hatuioni.

Chakula. Usikipe uzito wa tusi. Mtoto ambaye hakuweza kuzuia lolote lililotokea anaweza kuzuia kinywa chake, na ndicho anachofanya. Kwa sasa mwache apeleke sahani kwa bibi akitaka. Bibi kuonja hakukupunguzii kitu. Wewe kula naye, sinia moja, na anza wewe kula bila kusema "unaona, nimekula". Mwingize jikoni: amenye viazi, aonje chumvi kabla ya mtu yeyote, apakue cha kwako. Mtoto aliyeonja chakula kikiwa jikoni ni nadra kukiogopa kikiwa mezani. Usimlazimishe, usimhonge, na usimpikie chakula chake peke yake.

Sasa lile swali lenyewe, kwa sababu bado halijajibiwa. Rudi kwake, kitana mkononi ikiwezekana, maana watoto huongea vizuri wakiwa hawatazamani na mtu usoni. Anza na kosa lako: "Siku ile uliniuliza nikakwambia uache ujinga. Halikuwa la ujinga. Nilishtuka tu." Kisha: "Hapana, sitakufukia. Anayezikwa ni mtu aliyekwisha kufa, na aliyekufa hasikii baridi, haoni giza, haumwi. Mama yako hakulala. Aliumwa, mwili wake ukashindwa, akafa. Ule udongo uliotupa haukumuumiza, ulikuwa unamuaga. Ile ya binti anayeimba ni ya uongo njoo. Hii ya mama yako ni ya kweli." Kama haukuwa ugonjwa, taja kilichotokea kwa maneno mafupi. Neno "akafa" litakuwa gumu kulitamka. Litamke hivyo hivyo. Mambo ya mbinguni na ya imani yenu mpeni, ila yaje baada ya neno hilo, yasikae mahali pake. "Amelala" liondoeni kabisa katika nyumba zote mbili, maana mtoto anayeambiwa hivyo anaweza kuogopa hata kulala yeye mwenyewe.

Asipojibu kitu, akaomba tu kwenda kucheza, umefanikiwa. Watoto huomboleza kwa vipande, dakika tano za msiba na saa nzima ya kuruka kamba.

Nikuambie na neno lako wewe, kwa sababu barua nzima umeandika habari za mtoto na umejitaja mara moja tu, ukilia chooni. Mwaka 1870 mmisionari Mwingereza, Edward Steere, alichapisha hadithi za Kiswahili alizozikusanya Unguja, na humo kipo kisa cha Sultani Darai. Maskini anayepekua jaani anapata kijisenti, ananunua paa. Paa anamtafutia kila kitu: jina, mke ambaye ni binti wa sultani, jumba. Ukisikiliza hadithi za siku hizi ungedhani imeishia harusini. Harusi iko katikati. Baada yake paa anaugua, na yule bwana anaamuru apikiwe uji wa mtama, kile chakula duni. Mke anasikitika, bwana hajali, paa anakufa. Bwana anaamka yuko jaani kama zamani, na mke yuko kwao. Nyumba ile haikuvunjwa na adui. Ilivunjika pale aliyeijenga alipoumwa na mwenye nyumba akaona si jambo. Katika nyumba yako, anayejenga kimya kimya kwa sasa ni wewe. Mwambie mumeo kwamba umechoka, kabla hujachoka hadi ukamkasirikia mtoto.

Kuna hali ambazo maandishi yangu hayatoshi. Ikiwa mtoto anapungua uzito, au anakataa chakula hata cha bibi, mpelekeni kituo cha afya wiki hii. Ikiwa anakojoa kitandani wakati alikwisha kuacha, anaamka akipiga kelele usiku, haongei wala hachezi kwa wiki kadhaa, au anasema anataka kumfuata mama, muoneni ana kwa ana mtaalamu wa afya ya akili. Hospitali ya mkoa watawaelekeza. Afisa ustawi wa jamii wa halmashauri naye huwasikiliza watu wenye tatizo kama lenu, si lazima pawe na kesi. Uliza pia kwa upole kama kuna mtu mwingine, nyumbani au shuleni, anayemtisha, maana hofu ya mtoto wakati mwingine humtaja mtu asiyehusika. Namba 116 ni ya bure kwa habari yoyote ya usalama wa mtoto. Na ukijiona mkono unataka kunyanyuka, mpeleke kwa bibi yake saa hiyo hiyo, kisha utafute mtu wa kuongea naye. Kuomba msaada hapo ni malezi pia.

Je, ataniita mama? Sijui, na nakuomba usimdai. Familia za namna hii hukaa sawa kwa miaka, si kwa miezi, na neno "mama" kwake bado lina mwenyewe. Mpe neno jingine analoweza kulitamka bila kumwibia mtu: mama mdogo, au jina lolote atakalolibuni yeye. Mwanamke mmoja niliyemshauri aliitwa "anti" miaka yote ya shule ya msingi. Siku ya mahafali ya kidato cha nne binti alimshika mkono akamtambulisha kwa mwalimu: "Huyu ndiye amenilea." Hakusema mama, na yule mwanamke aliniambia hakusikia upungufu wowote.

Mume akirudi, nendeni makaburini wote watatu, bibi akitaka awe wa nne. Mpalilie, mtoto apeleke ua. Akiinamisha sikio chini kusikiliza, mwacheni asikilize. Kisha jioni, au keshokutwa, atakuuliza tena kama utamfukia, kwa sababu watoto huuliza jambo moja mara nyingi mpaka jibu liwe lao. Mjibu yaleyale, kwa sauti ileile, mikono ikiendelea kusuka.